Namna ya Kuchagua GPS ya Kubebeka kwa Rubani wa Ndege Ndogo Afrika Mashariki

Kabla hujauliza bei ya kifaa cha GPS cha kubebeka, uliza kwanza kifaa hicho kinajua nini kuhusu nchi unazorukia. Vifaa vingi vya aina hii vimebuniwa kwa kumfikiria rubani wa Marekani, ambako maelfu ya viwanja vidogo vimeorodheshwa, taarifa za hali ya hewa humfikia rubani angani kwa redio na kwa setilaiti, na vituo vya ardhini husaidia kusahihisha mawimbi ya GPS. Rubani anayepaa kutoka Wilson, Arusha, Entebbe au Zanzibar akinunua kwa kufuata orodha ya sifa iliyochapishwa kwenye boksi, atalipia mambo mengi ambayo hayatamfaa hata siku moja, ilhali kile anachokihitaji kuliko vyote, yaani taarifa sahihi za viwanja vya porini, milima na mipaka ya anga, huenda kikawa pungufu. Kwa maoni yangu, data ndiyo inayopaswa kuamua ununuzi. Kioo, betri na bei vifuate baadaye.

Ni vyema pia kuelewana mapema kuhusu kazi ya kifaa chenyewe. GPS ya kubebeka ni msaidizi wa rubani anayeruka kwa kuona ardhi, yaani chini ya kanuni za VFR. Haina idhini ya kutumika kama chombo cha kuongozea ndege ndani ya mawingu, wala haiwezi kumshusha rubani kiwanjani kwa njia ya vyombo, hata kama mstari wake wa rangi unapita katikati kabisa ya barabara ya kurukia. Sababu yake ni ya kiufundi na inafaa kueleweka. Mawimbi ya setilaiti nne yanatosha kukokotoa mahali ndege ilipo na kimo chake, lakini ya tano huhitajika ili kifaa kiweze kugundua kwamba mojawapo inatoa taarifa mbovu, na ya sita ili kiweze kuitambua hiyo mbovu na kuiacha. Vifaa vilivyofungwa kwenye dashibodi ya ndege na kuidhinishwa kwa safari za IFR, yaani za kuruka kwa kutegemea vyombo, hulazimika kufanya ukaguzi huo na kumwonya rubani ukishindikana. Kifaa cha kubebeka hakijathibitishwa kwa kazi hiyo, na kinaweza kuendelea kuchora picha nzuri ya ndege yako mahali ambapo haipo.

Sokoni utakuta makundi matatu. La kwanza ni vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya urubani, na hapa Garmin ndiyo inayotawala: aera 660 yenye kioo cha inchi 5 na aera 760 yenye kioo cha inchi 7 ndizo zinazoonekana zaidi katika ndege za sasa, huku GPSMAP 496 na ndugu zake za zamani zikiendelea kuuzwa mkononi. Kundi la pili ni vishikwambi na simu zenye programu za urubani kama ForeFlight, inayotumika kwenye vifaa vya Apple, au Garmin Pilot, inayotumika pia kwenye Android. Kundi la tatu ni GPS za watembea kwa miguu na za magari. Hizi za mwisho zina manufaa ya kuwa chombo cha akiba cha kukuonyesha latitudo na longitudo yako, lakini hazina mipaka ya anga wala masafa ya redio, na ile ya gari itang'ang'ania kukurudisha barabarani. Usiifanye hiyo kuwa chaguo lako la kwanza.

Data kwanza

Anza kwa kuondoa kwenye hesabu yale yasiyofanya kazi huku. Neno WAAS linapoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, linamaanisha mfumo wa kusahihisha GPS unaohudumia Amerika Kaskazini. Ulaya ina wa kwake uitwao EGNOS, na India ina GAGAN. Kwa rubani wa kati ya Lodwar na Songea, uwezo huo haumwongezei usahihi wa kutegemewa. Hilo lisikusikitishe, kwa sababu tangu Marekani ilipoacha kuyapunguzia usahihi kwa makusudi mawimbi ya GPS ya kiraia mwezi Mei 2000, kifaa cha kawaida kabisa chenye anga wazi juu yake hukuonyesha ulipo ndani ya mita chache, na hicho ni kiwango kinachozidi mahitaji ya kutafuta kiwanja. Taarifa za hali ya hewa za SiriusXM, huduma ya setilaiti ya kulipia, nazo ni za Amerika Kaskazini, na zile zinazotumwa bila malipo kwa masafa ya megahezi 978 kupitia vituo vya ADS-B, mfumo wa redio ambao ndege hutumia kutangaza mahali zilipo, ni za Marekani peke yake. Kipokezi cha ADS-B cha masafa ya megahezi 1090 kinaweza kukuonyesha ndege nyingine zinazojitangaza, jambo lenye faida karibu na Nairobi au Dar es Salaam, ila ndege nyingi ndogo za kwetu hazijitangazi, kwa hiyo macho yako yabaki nje.

Baada ya hapo, tazama kanda. Vifaa vingi vya zamani vya Garmin viliuzwa kwa matoleo matatu, yaani Amerika, Atlantiki na Pasifiki, na Afrika imo ndani ya Atlantiki. Kifaa kilichotumika na kuletwa na ndugu kutoka Marekani kinaweza kuwa kizima kabisa, kinang'aa, kimetunzwa, na bado kikawa na ramani ya msingi ya bara lingine ambayo haibadiliki. Kwa vifaa vipya na programu za kishikwambi, muulize muuzaji akuonyeshe, si akueleze, orodha ya nchi zinazohudumiwa na bei ya data hizo kwa mwaka. Taarifa za urubani duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, na gharama ya kuzisasisha kwa miaka kadhaa inaweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe. Mtu asiyeweka gharama hiyo kwenye bajeti hujikuta akiruka na masafa ya redio yaliyokwisha kubadilishwa.

Kipimo kizuri zaidi cha data unaweza kukifanya ukiwa umesimama dukani. Fika na orodha yako ya viwanja unavyovitumia kweli, vikiwemo vile vya mbugani kama Keekorok, Olkiombo, Seronera, Kogatende, Ndutu na Msembe, pamoja na kile cha shambani au cha misheni ambacho wewe na marubani wachache tu mnakijua. Vitafute kimoja kimoja. Vikipatikana, linganisha mahali, mwinuko na mwelekeo wa barabara ya kurukia na yale yaliyomo kwenye kitabu rasmi cha taarifa za anga, AIP, kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania. Kisha ufanye hivyo hivyo kwa mipaka ya anga: angalia kama eneo la udhibiti la Jomo Kenyatta, lile la Eastleigh la kijeshi na maeneo yaliyopigwa marufuku yamechorwa kama yalivyo kwenye ramani rasmi. Viwanja visivyopatikana vitabidi uviingize mwenyewe, na hapo ndipo penye kazi inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote.

Kuingiza kiwanja kwa mkono

Chagua kifaa kinachokuruhusu kuhifadhi nukta nyingi zako binafsi, yaani mahali unapopaingiza mwenyewe kwa latitudo na longitudo, kinachokubali kuzipokea kutoka kwenye kompyuta kwa faili za kawaida kama GPX, na kinachoonyesha wazi ni mfumo gani wa kuandika latitudo na longitudo unaotumika kwa wakati huo. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini tazama hesabu yake. Tuseme meneja wa kambi amekutumia ujumbe kwamba kiwanja chake kipo S 02°27'50", yaani digrii 2, dakika 27 na sekunde 50. Kifaa chako kimewekwa kwenye digrii na dakika zenye desimali, nawe unaandika 02°27.50. Kifaa hakitalalamika. Hata hivyo dakika 27.50 ni dakika 27 na sekunde 30, kwa hiyo umekisogeza kiwanja kwa sekunde 20, ambazo ni zaidi ya mita 600. Mahali palipo wazi kama Serengeti utakiona tu. Kwenye miombo, jua likiwa limeshuka na kiwanja kikiwa ni mstari mwembamba wa udongo kati ya miti, unaweza kupita kando yake bila kukitambua.

Kosa la pili ni la kwetu hasa, sisi tunaoruka huku na huku kuvuka ikweta. Ukiandika N badala ya S kwenye kiwanja hicho hicho, kifaa kitakupeleka zaidi ya kilomita 540 kaskazini, na kosa kubwa namna hiyo hugundulika mara moja unapouona umbali. Hatari ipo pale ambapo kosa ni dogo. Kule Nanyuki, ambako ikweta inapita, kiwanja kilicho dakika 3 kusini ya ikweta kikiandikwa kuwa kaskazini husogea dakika 6, yaani maili 6 za baharini au kilomita 11. Umbali wa safari kutoka Nairobi unabaki kuonekana wa kawaida, mwelekeo unabadilika kidogo tu, na upande mmoja wa njia kuna Mlima Kenya wenye mita 5,199. Dawa yake ni moja na haina ufupisho: baada ya kuingiza nukta yoyote, pima umbali na mwelekeo wake kwa rula na protrakta kwenye ramani ya karatasi, ukianzia kwenye uwanja unaojulikana, kisha ulinganishe na namba za kifaa. Zisipokubaliana, usiruke hadi ujue sababu.

Sababu nyingine ya kutokubaliana ni msingi wa ramani yenyewe. Usafiri wa anga duniani hutumia mfumo wa WGS 84, ndiyo maana GPS huonyesha huo. Ramani nyingi za zamani za upimaji ardhi za Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti kati ya hiyo miwili katika eneo letu ni takriban mita 300. Ukinakili mahali pa kiwanja kutoka kwenye ramani ya namna hiyo, kifaa kizuri kitakuruhusu kubadilisha mfumo kwanza, kuingiza nukta, halafu kurudi kwenye WGS 84. Kama kifaa hakina uwezo huo, ni bora zaidi kupata namba kutoka kwa rubani aliyesimama kiwanjani hapo na GPS yake, au uzichukue mwenyewe siku utakapotua.

Milima na kimo

Katika nchi zenye Kilimanjaro cha mita 5,895 na Meru wa mita 4,566 ukiwa jirani kabisa na uwanja wa Arusha, onyo la milima ni sifa inayostahili kulipiwa. Hakikisha data ya sura ya ardhi ya Afrika imo ndani ya kifaa na kwamba rangi za tahadhari, kwa kawaida njano na nyekundu, zinaonekana juu ya ramani ile ile unayoitumia kuongozea, pasipo kulazimika kufungua ukurasa mwingine. Rubani anayeondoka Wilson kwenda Maasai Mara hukutana na vilima vya Ngong dakika chache baada ya kupaa, na asubuhi za Juni hadi Agosti mgongo wake wenye takriban mita 2,460 mara nyingi hufunikwa na mawingu ya chini. Picha ya rangi kwenye kioo humsaidia kuamua mapema kuzunguka au kurudi. Kamwe isimpe moyo wa kupenya mawingu hayo kwa kudhani kuwa anauona mlima kwenye kioo. Ama minara ya simu, usitegemee kwamba ule uliojengwa mwaka jana umo kwenye kanzidata yoyote.

Kimo kinachoonyeshwa na GPS kisichanganywe na kile cha altimita. Altimita hupima mgandamizo wa hewa, na katika hewa ya joto ya ukanda wetu ndege huwa juu zaidi ya inavyosoma altimita, wakati mwingine kwa mamia ya futi. Kwa kuwa waongozaji wa ndege na marubani wenzako wote wanafuata altimita, wewe pia fuata altimita.

Jua, joto na msukosuko wa hewa

Kioo kinachopendeza ndani ya duka kinaweza kutosomeka kabisa kwenye mwanga wa saa sita mchana juu ya mawingu. Omba ruhusa ukitoke nacho nje, ukielekeze juani, kisha uvae miwani yako ya kurukia na uzungushe kifaa polepole kutoka wima hadi ulalo. Miwani yenye lenzi za polaroidi hufanya baadhi ya vioo viwe vyeusi kabisa katika pembe fulani, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa na muuzaji kuliko ukiwa juu ya Ziwa Natron.

Kuhusu joto, vishikwambi vina udhaifu unaopaswa kusemwa waziwazi. Apple yenyewe inaeleza kuwa iPad imeundwa kutumika kati ya nyuzi joto 0 na 35 za Selsiasi. Ndege iliyoegeshwa juani Lodwar, Magadi au Tanga huzidi kiwango hicho ndani ya muda mfupi, na iPad ikipata joto hufifisha kioo, husitisha kuchaji, halafu hujizima na kukuachia ujumbe wa onyo. Programu zake ni nzuri, pengine nzuri kuliko vifaa mahususi katika kupanga safari, lakini mtu anayeruka nyanda za chini za joto na kutegemea iPad pekee anajitafutia tatizo. Ukiichagua, ifunge mahali penye kivuli na upepo wa tundu la hewa, usiiache ndani ya ndege iliyoegeshwa, na hakikisha unanunua ile yenye uwezo wa laini ya simu: iPad za Wi-Fi tupu hazina kipokezi cha GPS ndani yake. Ile ya laini hupokea GPS hata bila kuwekewa laini yoyote.

Msukosuko wa hewa wa alasiri juu ya Bonde la Ufa ni mtihani mwingine. Kioo cha kugusa kinachotii kidole vizuri mezani hugeuka kero pale mkono unaporushwa huku na huku, na unaweza kufuta njia nzima kwa kugusa pasipostahili. Marubani wanaozipenda bado GPS za zamani zenye vitufe wana hoja ya kweli hapa. Kwa kifaa cha kugusa, chagua chenye alama kubwa, chenye ukingo imara wa kuegemeza kiganja, na ambacho mambo mawili, yaani kwenda moja kwa moja kwenye nukta na kutafuta uwanja ulio karibu zaidi, hufikiwa kwa kugusa mara moja au mbili tu.

Umeme na mahali pa kukifunga

Soma bamba la umeme la ndege yako kabla ya kununua chaja. Cessna 172 za miaka ya sitini na sabini hutumia volti 14, ilhali za baadaye hutumia volti 28, na chaja ya gari iliyotengenezwa kwa volti 12 pekee inaweza kuungua katika ndege ya volti 28. Chaja rahisi za USB zina kasoro nyingine isiyozungumzwa sana: baadhi huleta mvumo kwenye redio ya VHF. Ijaribu injini ikiwa inafanya kazi na redio ikiwa wazi, uone kama sauti inabadilika unapoichomoa. Betri ya ndani ya vifaa mahususi hudumu saa chache tu, kwa hiyo ihesabu kuwa ni ya dharura. Kuunganisha kifaa moja kwa moja na nyaya za ndege ni kazi ya mhandisi mwenye leseni, si ya rubani mwenye bisibisi.

Kishikilio cha mpira kinachonata kwenye kioo cha dirisha hulegea kwenye joto, hivyo ongeza kamba fupi ya kukizuia kisianguke miguuni kwenye pedali. Kikifungwa juu ya usukani, vuta usukani hadi mwisho, usukume hadi mwisho, na uuzungushe pande zote mbili ili uhakikishe hakuna kinachogusa goti wala waya unaonaswa. Halafu tazama dira ya sumaku huku ukikisogeza kifaa karibu na kukiondoa. Vifuniko vingi vya vishikwambi vina sumaku, na dira ikipotoshwa umekiharibu chombo kile ambacho ungekitegemea umeme ukizimika.

Ukinunua kilichotumika

Mbali na suala la kanda, kiwashe nje na usubiri kipate setilaiti, kisha usome tarehe. Hesabu ya wiki ndani ya mfumo wa GPS ilirudi kwenye sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe iliyokosewa kwa karibu miaka 20. Uliza pia kama betri mpya ya mfano huo bado inapatikana, na kama mtengenezaji bado anatoa data za kusasishia. Kama jibu la swali hili la pili ni hapana, kifaa hicho kinafaa kuwa cha akiba tu, kwa bei ya akiba.

Akiba yenyewe ni ya lazima, na isiwe ya GPS tupu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS mashariki mwa Kongo, na mawimbi yakivurugwa, vifaa viwili vya GPS hupotea kwa pamoja. Kwa hiyo ramani ya karatasi, saa na karatasi ya safari yenye mielekeo na muda wa kila kipande cha njia viendelee kukaa pajani, na andika muda halisi unapopita kila alama ya ardhini.

Ukishakinunua, kitumie kwanza ukiwa umekaa ndani ya ndege iliyozimwa, hadi vidole vijue njia bila macho kutafuta. Kisha ruka nacho katika njia unayoifahamu vizuri, siku ya anga safi, ukiwa na rubani mwenzako wa kuangalia nje, na ulinganishe kila kinachoonyeshwa na kile unachokiona ardhini. Weka vipimo vya futi na maili za baharini, punguza namba zinazoonekana kwenye ukurasa wa ramani zibaki mwelekeo, kasi ya ardhini, umbali na muda uliosalia, na zima milio usiyoihitaji. Ukiona bado unalazimika kukikodolea macho ili upate jambo moja, panga upya ukurasa huo kabla ya safari inayofuata.